Benki ninayofanyia kazi imemfungia kaka yangu akaunti, na anataka nimchungulilie faili

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia usiku, watu wamelala. Mchana nikianza kulieleza jambo hili najikuta najitetea, na leo sitaki kujitetea. Nataka kulisema lilivyo.

Nafanya kazi benki, huu mwaka wa tisa. Nilianzia kaunta, nikihesabu noti hadi vidole vinakuwa vyeusi. Sasa niko makao makuu, kitengo cha barua za wateja. Mteja akilalamika kwa maandishi, jibu linapitia kwetu. Mteja akifungiwa akaunti, barua inatoka kwetu pia, ingawa uamuzi unafanywa ghorofa nyingine, na watu ninaokutana nao kwenye lifti tu.

Wiki saba zilizopita kaka yangu alinitumia picha ya barua kwa simu. Niliijua kabla sijaikuza. "Baada ya kuupitia upya uhusiano wetu nawe, tumeamua kutoendelea kukupatia huduma. Hatutaweza kuujadili zaidi uamuzi huu." Barua hiyo mimi ndiye niliyeisahihisha mwaka jana. Sentensi ya kwanza ilikuwa na koma mbili, nikaondoa moja. Sikuwahi kumfikiria mtu atakayeisoma amekaa ukingoni mwa kitanda, yeye na mkewe wakitazamana.

Kaka anauza vipuri vya magari vilivyotumika. Biashara yake ni ya fedha taslimu: leo unaingia mzigo mkubwa wa pesa, halafu wiki nzima kimya. Wanaomlipa wako huku na huko. Isitoshe ni msemaji. Anajirekodi video akiisema serikali, na wafuasi anao. Kwake jambo liko wazi, kafungiwa kwa ajili ya mdomo wake. Kalitangaza hivyo, na ukoo mzima umeamini.

Programu ya benki kwenye simu akiifungua na kuweka nywila, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha kinamtoa. Salio lake alipewa kwa hundi yenye jina lake, na hana akaunti ya kuiweka. Benki mbili nyingine zilipokea fomu zake, zikakaa nazo, zikamjibu kwamba samahani, hawezi kufunguliwa.

Anachotaka kwangu anasema ni kidogo. "Wewe uko ndani. Andika jina langu humo, nisomee." Ni kweli naweza. Lakini mfumo unaandika nani kafungua faili la nani na saa ngapi. Kuna mwenzetu aliondoka kazini kwa kuchungulia akaunti ya mchumba wake. Na kama kuna taarifa ya muamala shuku iliyopelekwa serikalini, kumtonya mhusika ni kosa la jinai. Tunafundishwa hilo kila mwaka na tunafanyia mtihani.

Nilimweleza. Akanijibu, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwangu." Wifi hapokei simu zangu. Mama hanigombezi. Anasema tu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," halafu ananyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakoniumiza kuliko maneno yote ya kaka.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Wiki tatu zilizopita aliniomba mteja wake apitishie malipo kwenye akaunti yangu, mara moja tu, apate kuwalipa vijana wake wawili. Nikakubali. Nilikuwa nimeshamkatalia la kwanza, nikashindwa kumkatalia na la pili. Pesa ziliingia kutoka kwa jina nisilolijua. Kaka akaniambia, "Usitoe zote kwa mpigo, toa kidogo kidogo." Nikatoa kwa siku nne. Akaja nyumbani, akazihesabu mezani kwangu, akashukuru, akaenda zake. Pengine alisema vile kwa kuwa mashine ina kikomo cha kutoa kwa siku. Lakini maneno yale nimeyasoma kwenye mafunzo ya kazini, neno kwa neno, na nilipoyasikia kinywani mwa kaka yangu mwili ulinisisimka. Sasa ameomba tena. Safari hii ni wateja watatu.

Naogopa nikifungua faili nitakuta hana kosa, na itakuwa nalipwa mshahara na watu wanaomwonea ndugu yangu. Naogopa zaidi kukuta analo. Nifanyeje?

Dada mtu

*

Marahaba, binti yangu. Pole.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, na nilipokosea unisahihishe. Kaka yako amekatwa na benki na hakuambiwa sababu. Anaamini ni siasa. Anataka uwe jicho lake ndani ya jengo, nawe unajua jicho hilo laweza kukugharimu kazi, pengine na kesi juu yake. Hilo umemnyima. Lakini kwa kuona aibu ya kumnyima, umempa kitu kingine, na mimi nikiipima barua yako naona hicho ulichompa ni kizito kuliko ulichomnyima. Nitafika huko. Tuanze na faili, maana ndilo linalowagombanisha.

Unalizungumzia faili kana kwamba ndani yake kuna hukumu: ana kosa au hana. Una hakika? Wewe umekaa humo miaka tisa, unajua jinsi maamuzi haya yanavyozaliwa. Tangu HSBC ilipotozwa dola bilioni 1.9 nchini Marekani mwaka 2012 kwa uzembe wa kudhibiti utakatishaji fedha, mabenki mengi yalianza kumpima mteja kwa swali jingine kabisa: huyu anatuletea faida inayotosha kulipia usumbufu wa kumfuatilia? Mwaka uliofuata Barclays ya Uingereza ikatangaza kuyafungia akaunti makampuni mengi ya kutuma fedha, ikiwemo Dahabshiil, iliyokuwa njia kubwa ya Wasomali walio nje kuwatumia ndugu zao nyumbani. Dahabshiil ilikwenda mahakamani na kupata zuio la muda. Hakuna aliyekaa kitako kumchunguza bibi mmoja mmoja aliyekuwa akitumiwa pesa ya matumizi. Kundi zima liliwekwa kwenye kapu moja. Ilibidi FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka kanuni dhidi ya utakatishaji fedha, kitoe tamko Oktoba 2014 kwamba kumwacha mteja kuamuliwe kwa kumtazama yeye mwenyewe, wasiwe wanaachwa kimafungu.

Kwa hiyo upo uwezekano, nao si mdogo, kwamba ukilifungua faili la kaka utakuta mistari mitatu mikavu: fedha taslimu nyingi, miamala isiyotabirika, gharama ya ufuatiliaji haiendani na kipato. Hapo hakuna siasa, wala hakuna mwizi. Utamwambia nini? Kwamba hakuonewa na mtu, ila alikuwa ghali? Sidhani kama maneno hayo yatamrudisha wifi kwenye simu.

Sasa hilo la siasa. Najua nyinyi wa ndani ya mabenki huwa mnatikisa kichwa mkisikia mteja anasema kafungiwa kwa maoni yake. Usitikise haraka. Mwaka 2023 mwanasiasa wa Uingereza Nigel Farage alisema benki ya Coutts, iliyo chini ya NatWest, inamfungia kwa ajili ya siasa zake. Habari iliyotoka kwanza ilikuwa kwamba salio lake limeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Farage akatumia haki yake ya kisheria kuiomba benki taarifa zote zinazomhusu, akapewa kurasa zipatazo 40, na humo kulikuwa na majadiliano ya kamati ya benki kuhusu maoni yake na jinsi yasivyolingana na maadili yao. Mimi simpigii debe mtu yule, wala sina ugomvi naye. Nakuonyesha tu kwamba kaka yako hakuokota shaka yake jalalani.

Upande wa pili nao usikilizwe. Septemba mwaka huohuo mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma za fedha, FCA, ilisema takwimu ilizokusanya hazikuonyesha akaunti iliyofungwa kwa sababu kuu ya siasa. Sababu zilizotajwa zaidi zilikuwa akaunti kulala bila kutumika na hofu ya uhalifu wa kifedha. Wapo waliouliza, sawa, lakini takwimu hizo si mabenki yenyewe yaliyozitoa? Mjadala haujaisha hadi leo. Agosti 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri inayotaka wasimamizi wa mabenki wazuie wateja kukatwa kwa sababu ya siasa, dini au biashara halali. Kila upande una mfano wake wa kushika mkononi, na kaka yako ameshika mmoja.

Lakini katika kisa cha Farage kuna mambo mawili yanayokuhusu wewe kuliko yanavyomhusu kaka. La kwanza, faili lile hakuletewa na mtu wa ndani. Aliliomba mwenyewe kwa jina lake, mlango wa mbele. La pili, mkuu wa NatWest, Alison Rose, alijiuzulu Julai 2023 baada ya kukiri kwamba ndiye aliyezungumza na mwandishi wa habari kuhusu akaunti ya mteja yule. Huyo alikuwa juu kabisa ya ngazi. Wewe na mimi tunajua karani wa barua atasukumwa kwa nguvu kiasi gani.

Ukiamua kuchungulia, basi, usihesabu kazi peke yake. Hesabu na kitakachofuata. Kaka yako ni mtu wa video. Ukimletea neno moja linaloonyesha kaonewa, ataweza kulimeza? Na siku atakapolisema, benki itaangalia nani aliligusa faili, itakuta jina moja ambalo halikuwa na kazi nalo. Ukikuta lenye shaka, utalibeba kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo wenu, unamtazama usoni na huruhusiwi kusema. Yawezekana ukaona bado inafaa; ndugu wameshalipiana makubwa kuliko hayo. Ila ujue ni malipo ya aina hiyo.

Usipochungulia nako si bure. Kaka ataendelea kuona umechagua mwajiri. Hapo nina swali, nalo ulijibu ukiwa peke yako: anachokitafuta kwako ni sababu ya benki, au anatafuta mtu mmoja wa damu yake aliyeko ndani ya jengo lile amwambie, "Najua wewe si mwizi"? Kama ni la pili, hata mfumo uufungue mara kumi hautalitoa. Na katika barua yako, samahani mwanangu, naona nawe neno hilo linakukwama kooni, kwa sababu ya zile siku nne za kutoa kidogo kidogo.

Kuna kitu katikati ambacho hujakijaribu. Kuijua njia ni tofauti na kulijua faili. Njia iko wazi kwa kila mteja, na kumwonyesha kaka njia si kuvujisha siri. Anaweza kuandika malalamiko rasmi. Anaweza kuomba taarifa zake mwenyewe pale ambapo sheria ya taarifa binafsi inampa haki hiyo. Anaweza kupanda kwa msimamizi wa mabenki au msuluhishi wa malalamiko. Zipo nchi zinazotambua kabisa haki ya kuwa na akaunti: Ufaransa tangu 1984 mtu aliyekataliwa huenda benki kuu, nayo humteulia benki ya kumpokea, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2014 linalompa kila mkazi halali haki ya akaunti ya msingi. Uingereza imerefusha notisi ya kumfungia mteja akaunti kutoka miezi miwili hadi siku 90, na kuitaka benki itoe sababu kwa maandishi, kwa mikataba inayoanza mwishoni mwa Aprili 2026. Aulize sheria za mahali alipo zinasemaje, na aulize kwa barua yenye tarehe, si kwa video.

Njia hiyo nayo ina miiba yake. Penye shaka ya uhalifu, benki huruhusiwa kunyamaza au kumpa karatasi zenye mistari iliyofutwa kwa wino mweusi, na mtu kama kaka yako ataujaza kila mstari mweusi kwa anavyopenda. Wewe nawe ukimsaidia kuandika, malalamiko yale yataishia kwenye kitengo chako. Itakubidi umwambie mkubwa wako mapema kwamba mlalamikaji ni ndugu yako, usiiguse barua hiyo. Nafahamu si mazungumzo unayoyatamani.

Haya, nimefika kwenye akaunti yako.

Sijui kama kaka yako anafanya lolote baya. Huenda ni kweli mashine ilikuwa na kikomo. Huenda vijana wawili walilipwa mshahara wao na mambo yakaishia hapo. Lakini ulivyolieleza ndivyo mfumo wa benki yako utakavyoliona, bila sura ya kaka na bila shida ya vijana: mtumishi wa benki, jina geni limeingiza pesa, zimetolewa taslimu vipande vipande kwa siku nne. Ukipitisha na hawa watatu, barua ile uliyoiondoa koma yaweza kuchapwa siku moja ina jina lako, na ukoo utabaki na watu wawili wasio na akaunti. Biashara yake ikiwa safi utakuwa umejichafua bure, na isipokuwa safi, utakuwa umeingia ndani yake kwa miguu yako mwenyewe.

Ukimkatalia, unaruhusiwa kumwambia kwa nini, kwa sababu unachokijua hukukitoa kwenye faili lolote. Umekiona mezani kwako. Unaweza hata kumwomba akuonyeshe ile pesa ya kwanza ilikuwa ya nini. Mtu aliyeuza giaboksi ana risiti, au ujumbe wa kuulizana bei, au picha ya kifaa chenyewe, maana hakuna anayenunua kipuri kilichotumika bila kukiona. Akikasirika, usichukulie hasira yake kuwa ushahidi. Asiye na hatia naye hukasirika akishukiwa, tena zaidi. Ila jibu lake, lolote liwalo, litakuwa limetoka kwake kuja kwako, halikupita kwenye kompyuta ya mtu.

Na ile iliyokwisha kupita? Hapo sina jibu jepesi. Ukiieleza kazini kabla hujaulizwa, una nafasi ya kuonekana mtu aliyeteleza akasema. Lakini itamnyooshea kaka kidole, na yawezekana wasikuvumilie hata hivyo. Ukinyamaza, yawezekana isigundulike, na yawezekana ikagundulika siku ambayo maelezo yako yatasikika kama uongo. Tafuta mwanasheria kwanza, asiye wa benki, umpe tarehe zote bila kuficha. Hili si la kuamua kwa barua ya gazetini.

Nimeona kitu kingine ulikipitia haraka. Uliisahihisha barua ile ukasahau kwamba ina msomaji, na sasa umemwona. Sheria inaweza kukataza kutaja sababu, lakini sijasikia inayokataza kumweleza mtu pa kulalamikia, namna ya kupata salio lake, na kwamba kufungiwa si kuhukumiwa. Mapendekezo ya namna hiyo si yanaanzia kwenye kitengo chako? Usinijibu mimi.

Mama nenda ukamwone bila kaka na wifi kuwepo. Usimpelekee utetezi. Mwambie kuna jambo umekatazwa na sheria kulitazama, na lipo jingine ulilifanya kwa ajili ya mwanawe, na linakutisha. Kiasi utakachomweleza utakipima mwenyewe ukishakaa naye. Yeye anasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe pia ni mwanawe.

Niandikie ukishatoka kwake. Halafu ile hundi: kaka aiandikie benki aombe salio lihamishiwe mahali pengine au alipwe dirishani kwa kitambulisho, na uwe tayari, huenda akaitaja akaunti yako. Aangalie na tarehe yake pia. Hundi ikikaa sana nayo inakufa.